Somo la Kumi na Nane: Vifaa Vingi kwa Adapta Moja

Katika somo lililopita ulijifunza kwamba umeme hupita katika waya kutoka kwenye betri hadi kwenye taa. Uliona pia kwamba waya ukikatika, taa huzimika. Katika somo hili utajifunza jambo linaloonekana kuwa kinyume cha hilo. Utaona jinsi habari inavyoweza kutoka kifaa kimoja hadi kingine pasipo waya wo wote kati yao. Tena utaona jinsi kitu kidogo kama ukucha wa kidole gumba kinavyoweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa wakati mmoja bila kuvichanganya.

A. Tatizo la Kompyuta Moja

Jambiani ni kijiji kirefu kilichopo katika pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja. Mbele yake pana bahari ya kina kifupi, na mbali kidogo upo mwamba wa matumbawe ambapo mawimbi huvunjika. Maji yanapokupwa, kina mama hutoka kwenda kwenye mashamba yao ya mwani. Kilimo hicho kilianza Jambiani na katika kijiji jirani cha Paje mwishoni mwa miaka ya 1980.

Upepo wa bahari ni rafiki wa ngalawa, lakini si rafiki wa kompyuta. Upepo huo hubeba matone madogo sana ya maji ya chumvi. Chumvi hutua juu ya metali na kuvuta unyevu, na baada ya muda metali huliwa na kutu. Bila shaka umekwisha kuona jambo hili katika misumari, mabati na baiskeli za kijijini.

Sasa tuseme kwamba wewe unasoma katika skuli ya kijiji kama hicho. Darasa lenu lina kompyuta mpakato moja ya zamani. Kioo chake ni kizima, lakini ina taabu zifuatazo:

1. Vitufe kadhaa vya kibodi yake vimekufa, na kimoja ni kitufe cha herufi A. Jaribu kuandika jina la kijiji bila herufi hiyo. Utapata «J–MBI–NI».

2. Kibao cha kuongozea mshale kinafanya kazi kwa shida. Mshale hurukaruka kama panzi.

3. Tundu la kuchomekea vipokea sauti vya masikioni limeliwa na kutu.

4. Matundu ya USB yapo matatu, lakini mawili nayo yameliwa na kutu. Limebaki moja tu lililo zima.

Tena katika darasa lenu yumo mwanafunzi ambaye masikio yake hayasikii vizuri. Spika ya kompyuta ni ndogo, na nje upepo unavuma katika minazi. Mwenzenu huyo akivaa vipokea sauti, husikia kila neno la somo. Bila vipokea sauti, huona midomo ikicheza tu.

Basi vifaa vinavyohitajika ni vitatu: kibodi, kipanya na vipokea sauti. Tundu ni moja. Ukichomeka kibodi ya waya, kipanya hakina mahali. Ukichomeka kipanya, hakuna atakayeandika. Na ukivichagua hivyo, mwenzako hasikii. Je, utamnyima nani?

Usiendelee kusoma kwanza. Fikiri, kisha andika katika daftari lako njia mbili ambazo wewe ungezijaribu.

Labda umeandika kwamba tundu moja linaweza kugawanywa. Jawabu hilo ni sahihi. Kipo kifaa cha kugawa tundu moja la USB kuwa matundu manne au zaidi. Lakini kifaa hicho nacho kina matundu ya metali yatakayoshika kutu, na mwenzako atalazimika kukaa karibu na meza, amefungwa kwa waya kama ng'ombe kwenye mti. Sasa tutazame njia nyingine.

B. Waya Usioonekana

Je, nyumbani kwenu mna redio? Redio hupokea maneno ya mtangazaji aliye mbali, na hakuna waya unaotoka kwake hadi kwenu. Maneno hayo huletwa na mawimbi ya redio.

Mawimbi ya redio hayafanani na mawimbi ya bahari kwa sura, kwa kuwa hatuyaoni wala hatuyagusi. Lakini yanafanana nayo kwa jambo moja: hupanda na kushuka. Simama ufukweni na uhesabu ni mawimbi mangapi yanayogonga jiwe kwa dakika moja. Huenda ukahesabu kumi au kumi na tano. Mawimbi ya redio hutetemeka kwa kasi kubwa kuliko hiyo. Kituo cha redio cha FM hutumia mawimbi yanayotetemeka karibu mara milioni 100 kwa sekunde moja. Kibodi na kipanya visivyo na waya hutumia mawimbi yanayotetemeka kama mara bilioni 2.4 kwa sekunde moja. Idadi ya mitetemo kwa sekunde huitwa masafa, nayo hupimwa kwa hezi. Hezi milioni moja ni megahezi moja. Hezi bilioni moja ni gigahezi moja.

Mawimbi ya redio husafiri angani kwa mwendo wa kilomita 300,000 kwa sekunde, ambao ndio mwendo wa mwanga. Urefu wa wimbi moja la FM ni kama mita 3. Urefu wa wimbi moja la gigahezi 2.4 ni kama sentimita 12 tu. Chukua rula yako upime sentimita 12, ili uone wimbi hilo lina urefu gani.

Wimbi likiwa fupi hivyo, antena yake nayo inaweza kuwa fupi. Ndiyo maana antena ya kipanya hujificha ndani ya kipanya chenyewe, na huhitaji mlingoti kama wa kituo cha redio.

C. Adapta Ni Nini?

Adapta ya mawimbi ya redio ni kifaa kidogo kinachochomekwa katika tundu la USB. Ndani yake mna sehemu hizi:

(a) Miguu minne ya metali. Miwili huleta umeme kutoka kwenye kompyuta, na miwili hupitisha habari. Adapta mpya zaidi huweza kuwa na miguu mingi kuliko hiyo.

(b) Antena, ambayo ni mstari mfupi wa shaba uliochorwa juu ya kibao.

(c) Kichipu, ambacho ni kipande kidogo kinachogeuza habari za kompyuta kuwa mawimbi, na mawimbi kuwa habari za kompyuta.

Adapta hizi ni za aina mbili. Ni muhimu uzijue, maana watu wengi hununua ile isiyowafaa.

Aina ya kwanza ni adapta ya kampuni moja. Hiyo husikilizana na vifaa vya kampuni iliyoitengeneza peke yake. Kwa mfano, mwaka 2009 kampuni ya Logitech ilitoa adapta iliyoitwa Unifying, inayoweza kuunganisha kibodi na vipanya hadi sita kwa tundu moja. Vifaa vyake vina alama ndogo ya rangi ya machungwa. Lakini adapta hiyo haipeleki muziki wala maneno katika vipokea sauti.

Aina ya pili ni adapta ya Bluetooth. Bluetooth ni lugha ya pamoja iliyokubaliwa na makampuni mengi, hivyo kibodi ya kampuni moja na kipanya cha kampuni nyingine huweza kutumia adapta ile ile. Katika mpango wake wa kawaida, kifaa kimoja kinachoongoza huweza kuzungumza na vifaa saba kwa kipindi kimoja. Adapta hii hupeleka pia sauti. Kwa kompyuta yetu yenye tundu moja, adapta inayofaa ni hii ya pili, ili mradi vifaa vyote vitatu viwe vya Bluetooth.

Angalia jambo hili: kompyuta nyingi mpya zina Bluetooth ndani yake tayari. Ikiwa kompyuta yenu inayo, haihitaji adapta. Tena usiweke adapta mbili za Bluetooth kwa pamoja, kwani kompyuta huweza kuchanganyikiwa.

D. Mchezo wa Darasani

Vifaa vitatu vinazungumza na adapta moja kwa wakati mmoja. Kwa nini maneno yao hayagongani? Utaelewa kwa kufanya mchezo huu. Hauhitaji kompyuta.

Vinavyohitajika: chaki au kijiti cha kuchorea mchangani, karatasi mbili, na wanafunzi watano. Mmoja awe Adapta, mmoja Kibodi, mmoja Kipanya, mmoja Vipokea Sauti, na wa tano awe Kelele.

Mzunguko wa kwanza. Kibodi, Kipanya na Vipokea Sauti, kila mmoja afikirie namba tano. Mwalimu akipiga kofi, wote watatu wazitaje namba zao kwa pamoja na kwa haraka. Adapta aandike alichosikia. Je, amepata namba zote kumi na tano? Bila shaka hakupata.

Mzunguko wa pili. Sasa Adapta amwite kila mmoja kwa jina. Aliyeitwa ataje namba moja tu, kisha anyamaze. Adapta aandike, halafu amwite mwingine. Endeleeni mpaka namba zote ziishe. Je, safari hii amekosa ngapi?

Mzunguko wa tatu. Choreni duara tano chini, mziandike 1 hadi 5. Adapta na Kibodi wapewe karatasi zenye orodha ya siri: 4, 1, 3, 5, 2. Kelele asionyeshwe orodha hiyo. Kelele achague duara moja, kwa mfano la 3, asimame hapo na kupiga kelele bila kutoka. Adapta na Kibodi waruke pamoja kufuata orodha, na katika kila duara Kibodi amnong'oneze Adapta herufi moja ya neno MWANI.

Tazama yatakayotokea. Katika duara la 4, M itafika. Katika duara la 1, W itafika. Katika duara la 3, herufi A itapotea kwa sababu ya Kelele. Adapta hakusikia, kwa hiyo Kibodi atairudia A katika duara la 5, nayo itafika. Katika duara la 2 itafika N. Orodha imekwisha, basi wanaanza tena: katika duara la 4 itafika I. Neno zima limefika. Kelele amechelewesha herufi moja, lakini hakuweza kulizuia neno.

E. Maelezo ya Mchezo

Mchezo huu umekuonyesha mambo matatu yanayofanywa na Bluetooth.

Jambo la kwanza ni jina. Kila kifaa hupewa kiwandani namba yake isiyofanana na ya kifaa kingine. Namba hiyo huitwa anwani. Adapta inapopokea habari, huijua imetoka kwa nani, kama mwalimu anavyojua sauti za wanafunzi wake.

Jambo la pili ni zamu. Sekunde moja hugawanywa katika nafasi 1,600. Katika nafasi moja kiongozi huuliza, na katika nafasi inayofuata kifaa hujibu. Kifaa kisichoulizwa hunyamaza. Kwa kuwa zamu hupita upesi mno, sisi twadhani kwamba vifaa vyote vinasema kwa pamoja. Lakini sivyo. Kila kimoja kinangoja zamu yake, kama watu wanaoteka maji kwa zamu kwenye kisima kimoja.

Zamu hazigawanywi sawa kila mara. Kibodi ina maneno machache, kwa sababu hata mwandishi hodari habonyezi vitufe zaidi ya vichache kwa sekunde. Vipokea sauti vina maneno mengi, kwa sababu sauti haipaswi kukatika. Kwa hiyo ukiunganisha vifaa vingi vya sauti kwa adapta moja, huenda kipanya kikawa kizito au sauti ikakatikakatika.

Jambo la tatu ni kuruka. Bluetooth haikai katika masafa mamoja. Ina njia 79, kutoka megahezi 2,402 hadi megahezi 2,480, nayo huruka kutoka njia moja hadi nyingine kwa utaratibu unaojulikana na kiongozi na vifaa vyake. Njia zenye kelele nyingi huweza kuepukwa. Vifaa vipya vinavyotumia umeme kidogo, kama vipanya vingi vya siku hizi, hutumia njia 40, lakini kanuni ni ile ile.

Kelele hutoka wapi? Hutoka kwa vifaa vingine vinavyotumia masafa hayo hayo: intaneti ya Wi-Fi, simu, na hata majiko ya mikrowevu yanayotumika katika mahoteli.

F. Historia Fupi

Zamani habari za mbali zilikuja Unguja kwa majahazi na meli. Mwaka 1879 waya wa simu ya maandishi ulilazwa chini ya bahari kutoka Aden hadi Zanzibar. Tangu hapo habari iliweza kusafiri kwa dakika badala ya majuma, lakini ilifuata waya.

Katika miaka ya 1880, mwanasayansi wa Ujerumani, Heinrich Hertz, alionyesha kwa majaribio kwamba mawimbi ya redio yapo kweli. Neno «hezi» limetokana na jina lake. Mwaka 1951 kituo cha redio cha Sauti ya Unguja kilianza kutangaza, na maneno yakaingia majumbani bila waya.

Wazo la kurukaruka katika masafa lina historia ya ajabu. Mwaka 1942 mwigizaji wa sinema Hedy Lamarr na mtunzi wa muziki George Antheil walipewa hataza nchini Marekani kwa mtambo wa kuruka masafa. Nia yao ilikuwa adui asiweze kuvuruga mawimbi yanayoongoza silaha baharini. Hawakufikiria kipanya cha kompyuta. Hivyo ndivyo sayansi ilivyo: mtu hupanda mti, na mwingine hula matunda yake baada ya miaka mingi.

Mwaka 1994 mhandisi Jaap Haartsen, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Ericsson ya Sweden, alianza kutengeneza njia ya redio ya masafa mafupi ya kuondoa waya kati ya simu na vifaa vyake. Mwaka 1998 makampuni kadhaa yaliungana ili watumie lugha moja. Wakaiita Bluetooth, maana yake «jino la buluu», kwa jina la utani la Mfalme Harald wa Denmark wa karne ya 10, anayekumbukwa kwa kuwaunganisha watu wa nchi yake.

G. Kuunganisha Vifaa

Sasa turudi kwenye kompyuta yetu. Fuata hatua hizi pamoja na mwalimu wako. Usizigeuze, maana mpango wake una sababu.

Hatua ya 1. Zima kompyuta. Lisafishe tundu zima kwa brashi kavu na laini. Usitumie maji, wala usichokoe kwa msumari.

Hatua ya 2. Washa kompyuta na ungoje mpaka imekwisha kuamka. Chomeka adapta taratibu. Isipoingia, igeuze, usiilazimishe. Ngoja kidogo ili kompyuta iitambue.

Hatua ya 3. Tia betri katika kipanya na kibodi. Angalia alama za + na –. Hakikisha vipokea sauti vimetiwa chaji.

Hatua ya 4. Anza na kipanya. Kwa nini? Kwa sababu kibao cha mshale kinafanya kazi kwa shida, na hatutaki kukitumia muda mrefu. Kwa kibao hicho, fungua mipangilio ya kompyuta, tafuta Bluetooth, uiwashe, kisha uchague kuongeza kifaa kipya. Bonyeza kitufe cha kuoanisha kilichopo chini ya kipanya na ukishikilie mpaka taa yake imemete. Jina la kipanya litaonekana kwenye kioo. Lichague. Sasa mshale hautaruka tena.

Hatua ya 5. Kwa kutumia kipanya, unganisha kibodi. Mara nyingi kompyuta itaonyesha namba ya siri yenye tarakimu sita. Iandike namba hiyo kwa kibodi mpya, si kwa ile ya zamani, kisha bonyeza kitufe cha kuingiza. Namba hii ni kama hodi. Inaithibitishia kompyuta kwamba kibodi iliyo mbele yako ndiyo inayounganishwa, wala si ya jirani.

Hatua ya 6. Mwisho, unganisha vipokea sauti kwa njia ile ile. Kisha katika mipangilio ya sauti, chagua vipokea sauti badala ya spika.

Hatua ya 7. Jaribu vyote. Andika neno JAMBIANI, sogeza mshale, na mwombe mwenzako asikilize. Akiinua mkono na kurudia maneno aliyoyasikia, kazi imekamilika.

Kuoanisha hufanywa mara moja tu. Kesho yake vifaa vitakumbukana vyenyewe. Lakini kumbuka kwamba kabla kompyuta haijaamka kabisa, kibodi ya Bluetooth kwa kawaida haifanyi kazi. Usidhani imeharibika. Ngoja.

H. Jaribio: Mawimbi Hufika Wapi?

Vinavyohitajika: kompyuta iliyounganishwa na vipokea sauti, somo lililorekodiwa, daftari na kalamu.

Njia: Washa somo lililorekodiwa. Mwanafunzi mmoja avae vipokea sauti, aanze kutembea kuiacha kompyuta huku akihesabu hatua. Sauti ikianza kukatika, asimame na aseme idadi ya hatua. Rudieni katika hali hizi:

(a) mahali palipo wazi, bila kizuizi;
(b) wanafunzi wanne wakiwa wamesimama mbele ya kompyuta, karibu na adapta;
(c) mtembeaji akiwa nyuma ya ukuta wa mawe;
(d) adapta ikiwa imefunikwa kwa sufuria ya bati.

Katika daftari lako chora jedwali la safu mbili. Safu ya kwanza iwe «Hali», na ya pili iwe «Idadi ya hatua». Lijaze kwa mliyoyaona, hata kama hayalingani na mliyoyatazamia.

Maelezo: Adapta nyingi ndogo zimekusudiwa kufika kama mita 10. Vizuizi hupunguza umbali huo. Zaidi ya nusu ya uzito wa mwili wa mtu ni maji, na maji hunyonya mawimbi ya gigahezi 2.4. Ndiyo maana watu wakisimama katikati, sauti huweza kukatika. Kuta nene za mawe na chokaa hupunguza mawimbi, hasa zikiwa na unyevu. Metali huyarudisha nyuma, kama ukuta unavyorudisha mpira. Bahari ya chumvi huyanyonya upesi sana, hata kifaa kikizama kidogo tu hakisikiki tena.

I. Kutafuta Kasoro

Mwanasayansi mwema habahatishi. Hujiuliza maswali kwa mpangilio.

Kifaa kimoja kikinyamaza na vingine vikifanya kazi, adapta ni nzima. Tazama betri ya kifaa kile, kisha swichi yake.

Vifaa vyote vikinyamaza kwa pamoja, kasoro iko mahali panapovikutanisha, yaani kwenye adapta, kwenye tundu au katika kompyuta. Chomoa adapta, itazame kama ina kutu, kisha uichomeke tena.

Vifaa vikifanya kazi kwa kusitasita, tafuta kelele au kizuizi. Sogeza simu mbali. Ikiwezekana, tumia waya mfupi wa kurefushia USB ili adapta itoke nyuma ya kompyuta na kukaa juu ya meza.

Sasa umeiona faida na hasara ya adapta moja. Faida yake ni kwamba tundu moja linahudumia watu watatu. Hasara yake ni kwamba adapta ikipotea, wote watatu hukosa. Adapta ni ndogo, nayo huanguka mchangani kwa urahisi. Basi iache ndani ya tundu lake wakati wa kazi. Ikitolewa, itiwe katika kopo lenye mfuniko unaobana. Tena wekeni akiba kipanya kimoja cha waya. Siku adapta ikipotea, kipanya hicho kitatumia tundu lile lile, na kitaweza kubofya hata herufi za kibodi inayoonyeshwa juu ya kioo.

J. Tahadhari

1. Betri ndogo za duara zinazofanana na sarafu ni hatari kubwa kwa watoto wadogo. Mtoto akiimeza, inaweza kuunguza koo lake ndani ya saa mbili. Apelekwe hospitali mara moja, hata kama halii.

2. Betri zilizokwisha zisichomwe moto wala zisitupwe baharini au shambani. Zikusanywe katika chombo kikavu na kukabidhiwa kwa mwalimu.

3. Usikubali kuoanisha kifaa usichokijua kinachoonekana kwenye kioo chako. Anayeunganisha kibodi yake kwenye kompyuta yenu anaweza kuandika ndani yake.

4. Mkimaliza kazi, ifunikeni kompyuta kwa kitambaa kikavu na kuiweka mbali na dirisha la upande wa bahari.

K. Muhtasari

Mawimbi ya redio hubeba habari bila waya. Adapta moja huweza kuhudumia vifaa kadhaa kwa sababu kila kifaa kina anwani yake, kila kimoja hungoja zamu yake, na vyote huruka kwa utaratibu mmoja ili kuikwepa kelele. Aina ya adapta lazima ilingane na aina ya vifaa. Kitu kinachotumiwa na wengi hutunzwa na wengi.

Maswali

1. Kwa nini metali huliwa na kutu upesi zaidi katika kijiji cha pwani?

2. Taja mambo matatu yanayofanya vifaa vingi visichanganyike katika adapta moja.

3. Sekunde moja ina nafasi 1,600. Nusu ni za kiongozi kuuliza, na nusu ni za vifaa kujibu. Kama vifaa vinne vingegawana majibu sawasawa, kila kimoja kingejibu mara ngapi kwa sekunde?

4. Rafiki yako ana adapta ya kampuni moja na vipokea sauti vya Bluetooth vya kampuni nyingine. Mweleze kwa nini havitasikilizana.

5. Kipanya kinafanya kazi, vipokea sauti vinafanya kazi, lakini kibodi imenyamaza. Utaanza kutazama wapi? Toa sababu.

6. Katika mchezo wa duara, tuseme Kelele amesimama katika duara la 1. Tumia orodha 4, 1, 3, 5, 2 kuonyesha kila herufi ya neno MWANI itafika katika duara gani.

7. Kazi ya nyumbani: Hesabu vifaa vyote vya nyumbani kwenu au kwa jirani vinavyopokea au kutoa mawimbi ya redio. Waulize wazee ni kipi kati ya hivyo kilichokuwapo walipokuwa na umri wako. Andika majibu yao, uyalete darasani.